Kadi Moja, Faili Moja

Jumanne, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na barua ya Ofisi ya Ustawi imefika leo. Mdogo wangu anamtaka mwanawe. Aliniachia mtoto wa miaka mitatu, pua inatiririka, nguo mbili kwenye mfuko, akasema anakwenda kutafuta kazi nje na atarudi kabla mwaka haujaisha. Imepita miaka kumi na mmoja. Sasa ameolewa huko aliko, ana nyumba ya vyumba vitatu, na ameiandikia Ofisi kwamba yuko tayari kulea. Yuko tayari! Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza kama niko tayari.

Barua inasema mlezi mwenye pingamizi atume maelezo na nyaraka zake kwa barua pepe kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa, tarehe 30 Aprili. Karatasi ziwe zimeskaniwa, picha za simu hawapokei. Mtoto aliyetimiza miaka kumi na miwili anaruhusiwa kuandika barua yake mwenyewe bila kusimamiwa, na isitumwe kutoka anwani ya mlezi.

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya tarehe. Mimi ni fundi cherehani, viuno vya mtaa mzima ninavyo kichwani, lakini tarehe hunitoka.

Jumamosi, 6 Machi

Nimemwaga sanduku zima kitandani. Kadi za kliniki, ripoti za shule, vyeti vya hospitali, barua za walimu, picha. Chiriku alinisaidia kuzipanga kwa miaka. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu siku aliyojua kuongea hakunyamaza tena. Siku hizi ana miaka kumi na minne na maneno yake unaweza kuyahesabu.

"Mamkubwa, yote haya ya nini?"

"Ya kuwaonyesha umelelewa na nani."

"Sawa," akasema. Kila kitu siku hizi ni sawa.

Simu iliita mara mbili. Sikupokea.

Jumatatu, 8 Machi

Maktaba ya umma ina mashine moja ya kuskani, iko dirishani karibu na meza ya magazeti, juu yake paa linavuja na chini kuna ndoo. Mkutubi ni mama mmoja mnene mwenye kikapu cha vipande vya boksi vyenye namba. Nimemwita Mama Zamu, na nimegundua wote wanamwita hivyo. Ukutani ameandika kwa kalamu nene: KADI MOJA, FAILI MOJA KWA SIKU. Si ukali wake tu, mashine yenyewe ikishatuma faili lako inaikataa kadi yako mpaka kesho. Na kadi ya kuazima hakubali, anakutazama wewe na picha, picha na wewe. Watoto chini ya miaka kumi na sita tu ndio hutumia kadi ya mzazi.

Nilipanga kurasa, nikabonyeza, nikaona nimemaliza. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akacheka.

"Mama, umejiandikia barua mwenyewe."

Kumbe ukiingiza kadi, mashine inajaza anwani ya mwenye kadi. Inabidi uifute kwanza, ndipo uandike ya unayemtumia. Mzee huyu alifanya kazi posta maisha yake yote, wanamwita Bwana Posta, na mashine haiamini hata chembe. "Barua isiyogongwa muhuri," anasema, "mimi naihesabu uvumi." Anaongea mno. Nimepoteza siku.

Jumanne, 9 Machi

Nimetuma kadi za kliniki.

Jumatano, 10 Machi

Ripoti za darasa la kwanza hadi la tatu. Mvua.

Ijumaa, 12 Machi

Vyeti vya hospitali. Mvua. Simu iliita nikiwa kwenye foleni. Mtu akishaondoka awaache watu watulie.

Jumatatu, 22 Machi

Nimetuma mafaili tisa mpaka sasa, moja kila siku ya kazi, na kila jioni narudi na viatu vilivyolowa nikijiona shujaa. Leo Ofisi wamenijibu. Nanakili kama ilivyo: "Nyaraka zinazoletwa vipande vipande hufutwa. Tuma zote katika faili moja." Zimefutwa zote tisa!

Nilikaa kwenye kiti cha maktaba nikalia mbele ya watu. Bwana Posta alinipa leso yake. Nilimwambia aondoke nayo, nikamkaripia kana kwamba yeye ndiye aliyefuta. Aliondoka nayo.

Jumanne, 6 Aprili

Nimeshona nguo za harusi ya watu wiki mbili mfululizo, sikugusa karatasi. Sasa zinafika mia moja na thelathini na nane, kwa mpangilio. Inakosekana barua ya mwalimu mkuu, ambaye yuko likizo. Bila hiyo situmi, maana ndiye pekee asiye wa familia atakayenisemea.

Chiriku aliniuliza kama mama yake huwa anapiga simu. Hili aliwahi kuniuliza akiwa na miaka saba, tisa na kumi na moja. Jibu langu ni lilelile.

Jumatano, 14 Aprili

Nitaandika taratibu.

Saa tisa nilikuwa dukani natia zipu. Simu ikatoa mlio, barua pepe kutoka maktaba. Mimi leo sikwenda maktaba. Nikapekua pochi, kadi yangu haimo. Nikafungua faili. Ukurasa mmoja, mwandiko wa Chiriku, ule wa herufi zinazolala upande wa kushoto kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Ninaunakili hapa kwa sababu nimeshausoma mara nyingi mno na nataka kuuweka mahali:

"Kwa Ofisi ya Ustawi. Mimi nina miaka kumi na minne. Ninakaa na mama mkubwa. Hajawahi kunipiga wala kunilaza na njaa. Nguo zangu zote anashona yeye. Aliniambia mama hapigi simu. Mwezi wa pili nilishika simu yake kutafuta picha, nikakuta mama amepiga mara arobaini na mbili. Sikumwambia kitu. Kwanza nilikasirika, halafu nikaogopa, kwa sababu niliona nikiendelea kukaa nitaanza kumchukia, na mimi sitaki kumchukia. Naomba niende kwa mama yangu. Naomba pia msimwambie mama mkubwa kwamba nimeomba mimi. Mwambieni ni uamuzi wa Ofisi."

Basi. Amechukua kadi yangu, kama watoto wote wanavyoruhusiwa, ameiingiza, mashine ikajaza anwani yangu, naye hakujua kufuta. Hakukuwa na Bwana Posta wa kumcheka.

Nilianza kwa hasira. Nilijisemea maneno ambayo siyaandiki: miaka kumi na mmoja, na huyu anapekua simu yangu! Nilifunga duka nikatembea mvuani mpaka mwisho wa barabara ya lami. Huko nikahesabu zile simu mwenyewe. Sasa ni hamsini na saba. Kuzihesabu kulinichukua muda, na nilipomaliza nikawa sina tena wa kumkasirikia.

Niliporudi nyumbani kadi ilikuwa kwenye pochi, upande uleule, hata ameigeuza picha ikatazama ndani kama ninavyoiweka mimi. Alikuwa anakuna nazi. Akaniuliza mbona nimelowa. Nikasema mvua.

Alhamisi, 15 Aprili

"Mamkubwa, Ofisi wakipokea barua huwa wanajibu?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Wana kazi nyingi wale."

"Sawa."

Ijumaa, 16 Aprili

Barua ya mwalimu mkuu imepatikana. Kurasa zimekuwa mia moja na thelathini na tisa. Nimekwenda maktaba nikakuta dari imeachia, maji yameingia kwenye mashine. Mama Zamu amesimama na kikapu chake cha namba kama mtu aliyefiwa.

Mimi nilifurahi. Naandika ili nione aibu nikija kusoma. Nilifurahi kwa sababu mashine ikiwa mbovu hakuna mtu anayeweza kusema nimezuia barua ya mtoto. Imezuiwa na maji.

Jumatatu, 19 Aprili

Bado mbovu.

Jumanne, 20 Aprili

Bado. Mvua.

Alhamisi, 22 Aprili

Bado. Chiriku kila akisikia pikipiki ya mleta barua anawahi mlangoni, anajifanya anafagia. Leo mleta barua alipita bila kusimama. Akarudi ndani na ufagio.

"Labda barua za watoto hawazisomi," akasema, akitazama ukuta, si mimi.

"Barua gani?"

"Hamna. Nasema tu."

"Labda," nikasema.

Neno dogo hivyo. Ningeweza kumwambia pale pale. Mdomo niliufungua kabisa. Kisha nikaona jinsi nyumba itakavyokuwa bila huyu mtoto, kitanda chake kimetandikwa na kimekaa hivyohivyo wiki nzima, nikaufunga.

Jumatatu, 26 Aprili

Nilikwenda maktaba kuulizia mashine. Fundi yupo, ameivua yote. Nikakaa na Bwana Posta kwenye meza ya magazeti, kwa sababu hakukuwa na kiti kingine. Nikamuuliza, kama mzaha, kama katika miaka yake ya kazi aliwahi kufungua barua ya mtu.

"Kufungua, hapana. Kuchelewesha, moja."

"Ya nani?"

"Ya posa. Kuna kijana alimwandikia binti wa mtaa wetu, na huyo binti nilikuwa namtaka mimi. Nikaiweka kwenye droo mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo nikapeleka posa yangu."

"Ikawaje?"

"Nikamwoa. Miaka thelathini na minane, mke mwema kabisa. Nimemzika mwaka juzi." Akakunja gazeti, akalikunjua. "Na mpaka leo mama, sijui angemchagua nani. Nikikaa peke yangu ndilo ninalowaza, siwazi kingine."

Nilimwomba radhi kwa lile karipio la leso. Hakulikumbuka, au alijitia hakumbuki. Nilikuwa namwona mzee wa porojo tu.

Jumatano, 28 Aprili

Mashine imepona lakini fundi ameamuru ifanye kazi saa mbili kwa siku, saa nane hadi saa kumi, isije ikaungua. Mji mzima uko pale. Nilipata namba 52, waliishia 14.

Alhamisi, 29 Aprili

Namba 40. Waliishia 17. Nilizunguka nikiwaomba watu waniachie nafasi, kila mmoja ana tarehe yake ya mwisho. Simu iliita mara moja. Nikaitazama mpaka ikanyamaza.

Ijumaa, 30 Aprili

Niliamka mapema nikawa mlangoni kwa Mama Zamu kabla ya mfagizi. Hata hivyo nilipata namba 19, watu walikuwa wamepanga mawe na makopo kushika nafasi tangu jana. Chiriku alikuja kutoka shule saa nane, na sare yake, kunishikia mwavuli. Mimi sikumwita. Alisema tu, "Nije nikusaidie kupanga karatasi?" na mimi nikasema njoo.

Mvua iligonga mabati hivi kwamba Mama Zamu alikuwa anaonyesha namba kwa vidole. Saa tisa walikuwa namba 12. Saa tisa na nusu, 17. Yule wa 18 alikuwa na karatasi mbili tu, Mungu ambariki. Nilipoitwa ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini na tano.

"Wewe wa mwisho," Mama Zamu akaniambia. "Wengine nishawaambia waende."

Mpaka nilipofika mbele ya kile kioo nilikuwa ninakwenda kutuma faili langu. Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: kurasa mia moja na thelathini na tisa, nyingi mashine inazimeza yenyewe, kadi za kliniki unaziweka moja moja, dakika ishirini. Nikaingiza kadi. Anwani yangu ikajitokeza. Chiriku alikuwa amesimama pembeni anaisoma, na nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameelewa. Aliitazama ile anwani, kisha akatazama chini, kwenye viatu vyake, na masikio yakawa mekundu kama akiwa na homa.

Nikamuuliza, "Barua unayo?"

Akashika mkanda wa begi.

"Chiriku. Ile barua. Unayo?"

"Iko kwenye begi." Sauti ilitoka kidogo sana. "Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Lini?"

"Siku ileile."

Nilitegemea alie. Alivuta tu pumzi ndefu, kama mtu aliyebeba ndoo mbili na sasa anaambiwa azitue. Nikamwambia aitoe. Akaitoa katikati ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Nikamnyooshea kwa kiganja juu ya kioo, nikashusha kifuniko.

"Hapa penye anwani yangu, futa. Yote. Kisha andika ya Ofisi, mimi sitaandika, uandike wewe."

"Na yako?" akasema. "Kadi ni moja."

"Yangu nilituma Jumatano. Ulikuwa shule."

"Hizo ulizobeba?"

"Asili zake. Nilidhani watazitaka, hawazitaki."

Akanitazama. Mimi nina macho makavu nikiamua, wateja wanajua. Akaniamini. Akafuta, herufi moja moja, kwa kidole cha mkono wa kushoto, akaandika ya Ofisi, akaihakiki mara mbili, akabonyeza. Mashine ikalia, ikairudisha kadi. Nilijaribu kuiingiza tena, kwa siri, yeye alipogeuka kuchukua mwavuli. Ikaikataa.

Mama Zamu aliona. Aliona na bahasha yangu nene ya karatasi kwapani. Alinishika bega tu, akazima taa ya dirishani.

Njiani Chiriku aliongea. Aliongea kuhusu mwalimu wa sayansi na panya aliyetoroka kwenye boksi, kuhusu rafiki yake aliyekata nywele, kuhusu nini sijui. Sijamsikia akiongea hivyo tangu mwaka jana. Mimi nilikuwa naitikia eeh, eeh, na nashukuru mvua inanipiga usoni.

Jumapili, 2 Mei

Simu iliita. Nilipokea.

Mdogo wangu hakuamini. Kisha akaanza kulia, nami nikamwacha alie. Miaka yote nimembeba moyoni kama mtu asiyejali. Asiyejali hapigi mara hamsini na tisa.

"Dada, nataka nimnunulie sare huku kabla hajaja, kama atakuja. Sijui hata amefikia wapi."

Nikampa vipimo. Kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono, mguu. Nikamwambia mkono wa kushoto aongeze kidogo, ndio anaotumia sana. Alikuwa anaandika, namsikia. Halafu nikampa Chiriku simu, nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Jumamosi, 8 Mei

Mvua zinapungua. Sikufungua duka.

Jumatano, 12 Mei

Majibu ya Ofisi yamekuja. Nilikuwa dukani, Chiriku ndiye aliyepokea, na akafungua kwa kudhani ni yake. Niliporudi alikuwa amekaa sakafuni, barua mapajani.

"Nitakwenda mwezi wa saba," akasema.

"Nilijua utakwenda."

"Kuna mahali wameandika." Akasoma kwa sauti, kila neno kivyake: "'Mlezi wa sasa hakuwasilisha pingamizi wala nyaraka zozote.'" Akainua uso. "Zozote, Mamkubwa. Hukutuma hata moja?"

Nikaweka pochi mezani.

"Ulisema ulituma. Kumbe hukunitaka?"

Ningeweza kuliacha hivyo. Lilinijia, na naliandika hapa kwa sababu kila kitu nimekiandika: akiamini sikumtaka, ataondoka mwepesi, hatageuka nyuma, na mama yake atampata mzima. Ningesema mimi nimechoka kulea, basi, yakaisha. Lakini huko ni kumwamulia tena cha kujua na cha kutojua, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na mmoja.

Nilikwenda chumbani nikavuta bahasha kutoka chini ya godoro. Nikaiweka mbele yake sakafuni.

"Kadi ilikuwa moja," nikasema.

Aliitazama bila kuigusa. Kisha akaifungua. Alianza na ukurasa wa kwanza, kadi ya kliniki, uzito wake wa kila mwezi na maandishi yangu pembeni. Hakuruka hata mmoja. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikajifanya natafuta sindano.

Alipofika kwenye vyeti vya hospitali akauliza, bila kuinua kichwa, "Hapa nilikuwa naumwa nini?"

"Mapafu. Ulikuwa na miaka minne."

"Nani ameandika hapa nyuma, 'leo ameomba uji'?"

"Mimi."

Akapitisha kidole juu ya yale maandishi. Akasogea, na karatasi zake zote, mpaka mgongo wake ukaegemea miguu yangu, akafungua ukurasa uliofuata.

"Na huu?" akasema. "Nisimulie huu."